Namna ya kuusoma wasifu wa bingwa wa kuzibua mishipa ya moyo: jibu kwa msomaji wa Ngamiani, Tanga

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguza mzazi. Umeandika kwamba baba yako ana umri wa miaka 61, ana kisukari cha muda mrefu, na kwamba kwa miezi kadhaa sasa kifua humbana kila anapoendesha baiskeli kutoka Ngamiani kwenda Raskazone, maumivu yakatulia pindi anaposhuka na kupumzika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, wamempima umeme wa moyo na kumfanyia eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, wamemwanzishia dawa, na wamempa barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam akachunguzwe mishipa ya damu ya moyo. Baba yako mdogo aliyeko huko amekutumia wasifu wa daktari mmoja wenye herufi nyingi baada ya jina, vyuo vya nchi tatu, hospitali tatu anakohudumia wagonjwa, na maelezo kwamba amekwisha kutibu maelfu ya watu kwa njia ya tundu dogo. Unauliza herufi hizo zina maana gani, na utajuaje kama huyo ndiye wa kumkabidhi mzee. Daktari huyo sitamtaja wala sitamhukumu, kwa kuwa mtu hapimwi kwa karatasi moja. Nitakuonyesha jinsi ya kuusoma wasifu wowote wa watu wa kazi hii, kazi ambayo nami ndiyo niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu.

Kwanza ifahamike ni kazi gani. Bingwa huyu si mpasuaji anayefungua kifua. Ni tabibu wa magonjwa ya ndani aliyeendelea kusomea moyo, kisha akajifunza kupitisha mrija mwembamba uitwao katheta kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa paja hadi kwenye moyo, akiongozwa na picha za eksirei, ilhali mgonjwa yu macho na anaongea naye. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1929 katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, na daktari kijana aitwaye Werner Forssmann, aliyejipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni na kwenda kupigwa picha. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioigeuza njia hiyo kuwa kipimo cha kweli cha moyo. Kutibu kulikuja baadaye sana. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Gruentzig alipanua kwa puto dogo mshipa wa moyo uliokuwa umesinyaa wa mgonjwa mwenye umri wa miaka 38, na mwaka 1986 madaktari wa Toulouse na Lausanne wakaanza kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia mshipa usisinyae tena. Gruentzig aliwafundisha wenzake kwa kuwaalika wamtazame akifanya kazi, na mpaka leo fani hii haisomwi kwa vitabu pekee. Mtu huifikia kwa kusimama kando ya anayeijua, akiruhusiwa hatua moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana safari yake ni ndefu. Kwa aliyesoma hapa nyumbani, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ukifuata mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Hiyo ndiyo MD unayoiona. MMed, yaani shahada ya uzamili, ya magonjwa ya ndani ni miaka mitatu zaidi, na hapo mtu huitwa daktari bingwa. Bado hajawa daktari wa moyo. Ubingwa bobezi wa moyo ni miaka mingine miwili au mitatu kutegemea chuo, na ndipo yanapokuja mafunzo ya katheta, ya mwaka mmoja au zaidi, ambayo madaktari wetu wengi wameyapata kwa kwenda nje, hasa India, Afrika Kusini, Israeli, China na Ulaya. Aliyesomea India utamwona ameandika DM, ambayo ni ubingwa bobezi wa miaka mitatu baada ya ule wa magonjwa ya ndani. Ukijumlisha, hata aliyekwenda bila kusimama hawezi kufika kwenye meza ya kathilabu, yaani chumba cha kazi za katheta, kwa kujitegemea chini ya miaka 12 hivi tangu aingie chuo cha udaktari, na wengi hufika baada ya muda mrefu zaidi kwa sababu katikati walitumikia hospitali za wilaya na mikoa. Kwa hiyo ukisoma wasifu, tazama miaka. Neno "mafunzo" peke yake halitoshi, kwa kuwa kozi ya wiki mbili na feloshipu, yaani mafunzo ya vitendo chini ya bingwa, ya mwaka mzima vyote vinaweza kuandikwa kwa neno hilo hilo, na tofauti yake ni kubwa mno.

Zipo herufi ambazo ni za heshima kuliko ujuzi wa mkono. FACC, kwa mfano, humtambulisha mtu kuwa mwanachama mteule wa chuo cha madaktari wa moyo cha Marekani. Ni jambo jema, linaonyesha kwamba wenzake wanamtambua, lakini halisemi kwamba anaweka stenti, wala aliweka lini mara ya mwisho. Wapo wenye FACC ambao kazi yao yote ni eko na kliniki, na ni madaktari hodari katika hayo. Herufi ambayo wewe unaihitaji kuliko zote haiandikwi baada ya jina kabisa, nayo ni usajili hai. Kwa Tanzania Bara msajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama daktari fulani amesajiliwa na kama leseni yake haijaisha. Daktari mgeni anayekuja kwa kambi ya siku chache naye anatakiwa awe na usajili wa muda. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na daktari anayeijali taaluma yake hawezi kukasirika.

Sasa niingie kwenye hayo "maelfu", kwa kuwa hapo ndipo ndugu wengi wanapotulia wakati ndipo wanapopaswa kuuliza. Maelfu ya nini? Kupiga picha za mishipa ya moyo kwa katheta ni uchunguzi; kupanua mshipa na kuweka stenti ni tiba; na mara nyingi hesabu hizi mbili huchanganywa. Tena katika nchi yetu, ambako homa ya baridi yabisi bado huacha watu wengi na valvu, yaani milango ya moyo, zilizobana, yupo bingwa ambaye sifa yake kubwa ni kupanua valvu kwa puto alilobuni Kanji Inoue wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yupo mwingine ambaye huziba matundu ya moyo kwa watoto, na mwingine ambaye hupandikiza vifaa vya kurekebisha mapigo. Wote ni mabingwa wa katheta na wote wanastahili heshima, lakini mshipa wa mgonjwa wa kisukari wa miaka 61, ambao aghalabu huwa mwembamba, mgumu na wenye chokaa, ni kazi nyingine. Vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilipendekeza mwaka 2013 kwamba bingwa afanye kwa wastani angalau tiba 50 za mishipa ya moyo kila mwaka ili mkono wake usipoe, na kituo chenyewe kifanye angalau 200. Sisemi kwamba vipimo vya Marekani vibandikwe hapa kwetu kama vilivyo, maana hali zetu si sawa, ila vinakupa swali linaloeleweka: "Daktari, katika mwaka uliopita, uliwawekea stenti wagonjwa wangapi, na kituo chenu kizima kiliwahudumia wangapi?" Atakayekujibu kwa utulivu, hata kama hesabu yake si kubwa, amekuheshimu. Atakayehamaki naye amekupa jibu.

Nadhani kituo kina uzito kuliko jina la daktari, na hapa naweza kutofautiana na baba yako mdogo. Wasifu huo unataja hospitali tatu. Si kosa, madaktari wengi walioajiriwa serikalini huona wagonjwa jioni katika hospitali binafsi. Lakini mwulize tiba yenyewe itafanyiwa wapi kati ya hizo tatu, na hapo pana nini. Pana wapasuaji wa moyo wa kuitwa iwapo mshipa utachanika au stenti haitapita? Pana chumba cha wagonjwa mahututi chenye nafasi siku hiyo? Saa nane usiku, mzee akibanwa kifua tena, nani atakuja, na atachukua muda gani kufika? Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili, ina kathilabu na wapasuaji wa moyo mahali pamoja, na rufaa nyingi za moyo kutoka mikoani huelekezwa huko. Kituo kingine chochote mtakachopewa, kipimeni kwa maswali hayo hayo.

Lakini lililonifanya nikuandikie kwa kirefu ni jambo ambalo wasifu wowote hauwezi kulionyesha, nalo ni mara ngapi daktari huyo humwambia mgonjwa, "Wewe huhitaji stenti." Watu wengi huuona mshipa kama bomba la maji: limeziba, lizibuliwe, kazi imekwisha. Sivyo ulivyo. Ugonjwa umo ndani ya ukuta wa mshipa, umetapakaa kwa urefu, na mshtuko wa moyo mara nyingi huanzia mahali ambapo utando wa mafuta ulikuwa mdogo, ukapasuka ghafla na damu ikagandia hapo. Stenti hushughulikia sehemu moja iliyobana sana. Dawa ya kolesteroli, aspirini, dawa za shinikizo na kuacha sigara hushughulikia mshipa wote. Ndiyo maana uchunguzi mkubwa uitwao COURAGE, uliochapishwa mwaka 2007, na mwingine uitwao ISCHEMIA, uliowahusisha wagonjwa 5,179 na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa watu ambao maumivu yao yametulia, yaani huja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika, kuanza na katheta hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa nzuri zinazotumiwa sawasawa. Kilichopatikana kwa katheta ni nafuu ya maumivu, hasa kwa waliokuwa wakibanwa mara kwa mara. Nafuu hiyo si kitu kidogo. Mzee akirudi kwenye baiskeli yake bila kubanwa, ni neema. Lakini ijulikane ndiyo inayotafutwa, ili msiuze shamba mkidhani mnanunua miaka.

Kutokana na barua yako, baba yako anaelekea kuwa miongoni mwa hao wenye maumivu yaliyotulia. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa daktari lingekuwa kama dawa alizopewa Bombo zimefikishwa kwenye kiwango chake, na kama amezitumia muda wa kutosha. La pili ni kama picha ya eko inaonyesha moyo bado unasukuma damu vizuri, maana moyo uliodhoofika hubadili hesabu yote. Na kama uchunguzi utafanyika na mshipa mkuu wa kushoto ukaonekana umebana, basi haya niliyosema juu ya dawa hayatumiki tena. Hiyo ni hali inayohitaji tiba, mara nyingi ya upasuaji.

Kisukari nacho kina neno lake. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uitwao FREEDOM, wa wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyobana, na ukaonyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa waliishi zaidi na kupata mishtuko michache ya moyo kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kilikuwa kingi kidogo kwa waliopasuliwa. Ukisikia mishipa miwili au mitatu, uliza kama picha zimeonyeshwa kwa mpasuaji wa moyo na kama wamezijadili pamoja. Daktari mzuri wa katheta humwita mpasuaji bila kuombwa. Hapo ndipo ninaposisitiza jambo la fomu ya ridhaa. Mara nyingi mgonjwa husaini kabla ya uchunguzi karatasi inayoruhusu kuendelea na tiba papo hapo. Pakiwa na sehemu moja rahisi, hiyo ni nafuu kwenu, mnaepuka safari ya pili na gharama zake. Lakini mna haki ya kusema kabla mzee hajaingia ndani: "Mkikuta mishipa mingi, simameni, mtuonyeshe picha, tuzungumze." Ombeni iandikwe. Nimeona ndugu wakipewa taarifa ya stenti tatu mlangoni, wakati mzee angeweza kupewa nafasi ya kuchagua upasuaji, na stenti zikishawekwa haziondolewi.

Pia mwulize kama anapitia kifundo cha mkono au paja. Njia ya kifundo cha mkono ilielezwa na Lucien Campeau wa Montreal mwaka 1989 kwa uchunguzi, kisha Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuitumia kwa tiba mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa sababu hupunguza kuvuja damu na humwezesha mgonjwa kuketi na kutembea mapema. Kuna sababu za haki za kutumia paja, ila daktari anayetumia paja kwa kila mgonjwa akueleze kwa nini.

Figo zisisahauliwe. Dawa ya iodini inayodungwa ili mishipa ionekane inaweza kuziumiza figo za mtu mwenye kisukari, kwa hiyo kipimo cha kreatinini, yaani cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kiwepo kabla, mzee asikaushwe kwa kufungishwa bila maji tangu jioni bila sababu, na daktari aseme wazi kama metfomini, dawa ya kisukari, isimamishwe na irudiwe lini. Kama amewahi kupata mzio wowote, useme mapema, usingoje kuulizwa.

Iwapo atawekewa stenti, atatumia aspirini pamoja na klopidogreli, zote za kuzuia damu isigande, kwa kawaida miezi sita kwa mwenye maumivu yaliyotulia na mwaka mmoja kwa aliyepata mshtuko wa moyo. Baada ya hapo hubaki na moja. Kuacha mapema, hata kwa siku chache kwa sababu dawa imeisha dukani, kunaweza kuigandisha damu ndani ya stenti, na hilo huua. Kabla hamjakubali stenti, hakikisheni kwamba dawa hizo zinapatikana Tanga na kwamba mnaweza kuzilipia kwa muda wote huo. Akitaka kung'oa jino, asiziache kwa amri ya mtu yeyote asiyewasiliana na daktari wake wa moyo. Ramadhani ikifika, dawa hizi za mara moja kwa siku zinaweza kunywewa wakati wa futari au daku. Kufunga kwenyewe, kwa mwenye kisukari na moyo, ni mazungumzo ya kufanya na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu malipo sina mengi: nendeni ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapo Tanga na kadi na barua ya rufaa, muulize kama kituo mlichopewa kinapokea kadi hiyo na kama stenti yenyewe imo, na mpate jibu hilo kabla ya kukata tiketi.

Jambo moja haliwezi kungoja siku ya miadi. Mzee akibanwa kifua akiwa amekaa tu, maumivu yakapita dakika 15, akatoka jasho baridi, akatapika au akakosa pumzi, msimpakie kwenye gari kumkimbiza Dar es Salaam kwa bingwa mwenye wasifu mzuri. Mpelekeni Bombo saa hiyo hiyo. Kumbuka pia kwamba kwa mwenye kisukari maumivu yanaweza kuwa hafifu au yasiwepo kabisa. Mshipa uliofungwa na damu iliyoganda unapaswa kufunguliwa kwa puto ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, na barabara ya Segera na Chalinze, kilomita zipatazo 350, haiwezi kumfikisha kwa muda huo. Pasipo kathilabu karibu, tiba sahihi ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama streptokinasi au tenekteplasi, inayotolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze na yenye nguvu zaidi katika saa tatu za mwanzo, pamoja na aspirini ya miligramu 300 ya kutafuna iwapo hana mzio nayo. Kisha ndipo apelekwe kwenye katheta, kwa kawaida kati ya saa 2 na saa 24 baadaye. Mkienda kliniki wiki hii, mwulizeni daktari wa Bombo kama dawa hiyo ipo. Na daktari wa Dar es Salaam mwulizeni kama yuko tayari kupigiwa simu na wenzake wa Bombo usiku wa namna hiyo.

Siku ya safari chukueni barua ya rufaa, karatasi zote za kipimo cha umeme wa moyo hata zile za zamani, ripoti ya eko, kipimo cha kreatinini na cha sukari ya miezi mitatu, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye maboksi yake, zikiwemo za asili kama zipo, maana baadhi ya dawa hizo huingiliana na zile za kuzuia damu kuganda. Wakati wa kutoka, ombeni diski yenye picha za mishipa pamoja na ripoti iliyosainiwa, inayotaja mishipa gani ilikutwa imebana na kwa kiasi gani, na kama stenti iliwekwa, ni ya aina gani, ukubwa gani na mahali gani. Nakala ya ripoti hiyo muipeleke kliniki ya Bombo, kwa sababu huko ndiko mzee atakakokuwa akihudhuria kila mwezi.